Kuhusu mkono wa dogo

Kaka, pole sana aisee, na mama mpe pole yangu. Voisi zako za ajali ya pikipiki ya dogo na mkono wake kulala nimezisikiliza zote ila nimeona nikuandikie, maana haya mambo ni marefu na nataka umsomee dogo taratibu.

Hilo la dogo kuambiwa "asubiri tu, neva zitarudi zenyewe" (neva ni zile nyuzi zinazopeleka amri kutoka kwenye ubongo mpaka kwenye misuli) ndo limenikosesha raha. Linaweza kuwa kweli kabisa na linaweza pia kumpotezea mkono, inategemea neva imeumia vipi. Toka 1943 kuna daktari Mwingereza, Seddon, alizigawa hizi ajali za neva mafungu matatu na mpaka leo tunatumia hayo hayo: kuna neva iliyoshtuka tu, hiyo inarudi yenyewe ndani ya wiki chache au miezi kama mitatu, kuna ambayo nyuzi za ndani zimekatika ila ganda la nje limebaki, hiyo inaota upya polepole, na kuna iliyokatika yote, hapo bila upasuaji hamna kitu. Halafu kwa watu wa pikipiki kama dogo, bega likivutwa kwa nguvu shingo ikaenda upande wa pili, mzizi wa neva, pale inapoanzia shingoni, unaweza kung'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Sasa ubaya ni kwamba siku za mwanzo zote hizo ukiziangalia kwa nje zinafanana, mkono umelala tu.

Kinachotubana ni muda. Neva inaota kama milimita 1 kwa siku, we piga hesabu kutoka shingoni mpaka vidoleni, ni miaka. Na misuli nayo haikai kusubiri, inasinyaa, ikipita kama mwaka mmoja hadi mmoja na nusu bila neva basi hata neva ikifika inakuta misuli haipokei tena. Ndo maana kwa jeraha la kuvutwa kama lake madaktari wanachungulia miezi mitatu hivi kama kuna dalili ya kurudi, isiporudi wanampasua kabla ya miezi sita kuisha. Ingekuwa kakatwa na kisu au kioo ningekwambia akashonwe ndani ya siku chache. Kwa hiyo kusubiri ni sawa, ila asubiri huku akiwa mikononi mwa daktari wa upasuaji wa neva, sio nyumbani.

Akienda, wampime msuli mmoja mmoja, bega, kukunja kiwiko, kunyoosha, kifundo cha mkono, vidole, na waandike nguvu kuanzia 0 mpaka 5 ili mwezi ujao walinganishe. We mwenyewe mwangalie jicho la upande ulioumia, kama kope limeshuka na mboni imekuwa ndogo kuliko ya pili, waambie, hiyo inaashiria mzizi wa chini umeng'oka. Pia maumivu ya kuunguza kwenye kiganja chenye ganzi, uliyoniambia, mi hayanifurahishi, yanaendana na mizizi kung'oka. Kipimo cha umeme wa misuli kinafaa kuanzia wiki ya tatu au ya nne, kikifanyika mapema sana kinadanganya, na MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya shingo itasaidia kuona mizizi.

Upasuaji wenyewe sasa. Wanafungua, wanaijaribu neva kwa umeme mdogo, kama kuna kovu limeibana wanalitoa, kama kuna pengo wanachukua neva ya nyuma ya mguu wanaunganisha, atabaki na ganzi kidogo pembeni ya unyayo, hiyo wala isimtishe. Mzizi uliong'oka ndo kazi, maana hamna pa kuunganishia, hapo wanaazima neva nyingine. Daktari mmoja Mfaransa, Oberlin, mwaka 1994 alieleza namna ya kuchukua nyuzi chache za neva inayoenda kidole kidogo na kuzishonea kwenye neva ya msuli unaokunja kiwiko, na kidole kinaendelea kufanya kazi! Njia ni fupi kwa hiyo msuli unaamka ndani ya miezi. Kuna kichekesho kidogo, mwanzoni mtu akitaka kukunja kiwiko inabidi akunje ngumi kwanza, na wale walioazimwa neva za katikati ya mbavu wanavuta pumzi, mpaka ubongo uzoee. Ila hiyo ya Oberlin inataka mizizi ya chini iwe mizima, ndo maana nakazania hilo jicho.

Mwambie ukweli lakini, kwanza wanatafuta kiwiko, halafu bega, kiganja ndo kigumu zaidi kwa mtu mzima. Wakichelewa bado kuna kuhamisha kano au kupandikiza msuli wa paja, ila hizo si sawa na neva kurudi.

Kwa sasa viungo vyote vinyooshwe na kukunjwa kila siku, vikikaza hata neva ikirudi haina cha kuchezesha. Mkono uning'inie kwenye kitambaa, bega lisichomoke, na akae mbali na moto maana akiungua hatajua. Na hizo dawa za maumivu za kawaida hazitamsaidia sana, aulizie gabapentini au amitriptilini, hizo ni dawa za maumivu ya neva, daktari ndo aandike.

Niambie tarehe ya ajali kamili na kama anaweza kupandisha bega lenyewe juu kuelekea sikio, neva inayofanya hivyo huwa inaazimwa pia. Majibu ya vipimo ukiyapata nipigie picha nitumie hata usiku.