Shada langu aliliweka wifi

Anti, shikamoo. Huku Ujerumani ni saa tisa usiku, sijalala, na asubuhi kuna mazishi natakiwa nikaimbe.

Mazishi ya huku unayajua. Mtu anafariki leo, anazikwa baada ya wiki mbili, pengine ni majivu tu kwenye chombo, na waombolezaji wanne pamoja na sisi. Mume wangu ni mchungaji, dayosisi yetu ilitutuma miaka 5 iliyopita tuhudumu kwenye usharika wa hawa wenzetu. Tangu Januari nimeimba kwenye makaburi ya watu 11 nisiowajua. Nawaimbia Kiswahili, wanalia. Mama yangu sikumwimbia.

Alifariki usiku wa Alhamisi Kuu. Nyumbani wakapanga kuzika Jumamosi, kwetu Usambara maiti hailazwi siku nyingi. Ofisi ya waliotuleta ilifungwa tangu Ijumaa Kuu mpaka Jumanne, simu inaita tu. Ningefanyaje? Tiketi ya siku ile ile ilikuwa euro 1,400. Usiniambie ningekopa, huku nakopa kwa nani? Basi nikamzika mama kwenye simu. Binamu aliishika, nikawa naona migongo ya watu na ncha ya mwavuli. MC akaita watoto wa marehemu waweke mashada, akafika kwangu: "Huyu yuko Ulaya kwenye kazi ya Bwana, shada lake ataliweka wifi yake." Wifi! Mama na huyo wifi walikuwa hawasalimiani tangu ule ugomvi wa shamba. Hapo hapo mtandao ukakata.

Kaka aliandika mstari mmoja tu kwenye grupu la familia: "Endelea kuwazika Wazungu wako." Anajua alichosema. Wamisionari wa kwanza kutoka huku walifika Mlalo mwaka 1891, tulikaririshwa kwenye kipaimara. Nyuma ya kanisa letu yapo makaburi yao, mengine mafupi, ya watoto wachanga. Mama ndiye aliyekuwa akiyapalilia kila Desemba, mimi nikimbebea ndoo, wala hakuna aliyemlipa. Wale waliacha watoto wao udongoni kwetu, mimi nililie shada? Nikiwaza hivyo napata nguvu kidogo, halafu namkumbuka wifi.

Mume wangu anasema hii ni huduma, tulijua tangu mwanzo. Yeye mama yake yu hai.

Sitaki uniambie nirudi. Nikirudi nafikia kwa nani, na kaka hajapokea simu yangu tangu Pasaka? Watoto wanasoma hapa, yule mdogo ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kijerumani. Ila mkataba mpya umeletwa, miaka 3 mingine. Mume ameshasaini bila kuniuliza. Nafasi ya jina langu iko wazi, karatasi iko juu ya friji, na wanaitaka Ijumaa. Kila nikienda kuchukua maziwa naiona.

Halafu kuna jambo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Ile Ijumaa Kuu kwenye akaunti yangu kulikuwa na euro 1,600. Nilikuwa nazidunduliza za bati, nyumba ya mama ilikuwa inavuja, na nilimwahidi mpaka masika yakiisha itakuwa imeezekwa. Nikasema siwezi kuzigusa, ni za mama.

Bado zipo, Anti. Nizifanyie nini?

Mama Mchungaji