Kwa kaka yangu aliyemfuta kunguru

Shikamoo kaka.

Mwezi wa nne huu hupokei simu zangu. Mama mdogo anasema niache muda upite, lakini muda ukipita kwa watu wa ukoo wetu mambo yanaganda. Kwa hiyo nakuandikia hapa, najua vijana wa kibanda chako cha picha watakuonyesha. Wengine mtakaosoma mtanisamehe, haya ni ya nyumbani.

Nilitua alfajiri kutoka Italia, unakumbuka. Sikwenda Tandika kulala. Nilimwambia dereva anipeleke moja kwa moja kibandani, na sanduku langu vilevile. Nilikuwa nimekubebea pakiti nne za rangi ya unga, mojawapo ile nyekundu ya udongo unayohangaika kuichanganya miaka yote. Ulikuwa umekaa kwenye ndoo yako, unampiga chui madoa. Hukunyanyuka. Ukasema pole na safari, halafu ukaelekeza brashi ukutani.

Bodi yetu ya soko la samaki la Feri ilikuwa inaning'inia pale. Mitumbwi ipo, mama wa kukaanga samaki yupo na karai lake, dalali kanyanyua samaki changu juu. Ila kwenye ncha ya mtumbwi, alipokuwa amesimama kunguru uliyemchora wewe, palikuwa na bluu ya anga, mbichi, inanuka rangi. Ukaniambia, "Sasa ni yako yote."

Vijana wote wakainama kwenye kazi zao. Mimi nikaitoa bodi msumarini, nikaondoka nayo bila kukujibu. Na zile pakiti nikaondoka nazo, kwa hasira.

Nataka nikujibu leo.

Kibandani kwako nimeanza kujaza rangi za nyuma nikiwa darasa la sita. Nimejaza twiga wangapi? Nimepiga vidoti kwa kanga wangapi mpaka macho yanauma, na chini ukaandika jina lako? Sikuwahi kudai. Hiyo ndiyo desturi, uliniambia hivyo wewe mwenyewe: Edward Saidi Tingatinga alipoanza mtindo huu wetu wa kuchora mwaka 1968, kule Oysterbay, na hadibodi zake na rangi za baiskeli, waliomzunguka wakijifunza walikuwa ndugu na jamaa zake, na mkono wa mmoja ukaingia kwenye kazi ya mwingine. Alipouawa mwaka 1972 kazi haikufa kwa sababu mikono ilikuwa mingi. Maneno yako hayo. Sasa kwa nini iwe desturi mkono ukiwa wangu, na wizi ukiwa wako?

Wale wa mafunzo ya Florence walitaka picha kumi nilizochora mwenyewe. Nilikuwa na tisa, ya kumi ikawa ile ya Feri, na mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita usiku. Fomu haikuwa na nafasi ya majina mawili.

Hapana, ngoja niseme ukweli. Ilikuwa na nafasi ya maelezo, mistari mitatu, na yote mitatu niliijaza habari za soko la samaki.

Halafu ikaja ile barua ya kukubaliwa, nikaisoma sebuleni kwa sauti, nikiitafsiri huku mama mdogo akipiga vigelegele. Nikafika pale waliposema wamependa kazi ya Feri, hasa kunguru. Wewe ulikuwa umeegemea mlango. Ukauliza, "Kunguru yupi?" Taratibu tu, kama mtu anayeuliza saa. Nami nikaendelea kusoma.

Laiti ungenipiga kofi pale pale. Badala yake ukachanga laki mbili za safari, ukanisindikiza uwanja wa ndege, ukanibebea sanduku. Ukaja kuniadhibu niliporudi.

Hukuniuliza hata siku moja nilijifunza nini. Wiki nne Florence, joto la Julai kama la kwetu, isipokuwa halina upepo wa bahari. Tulifundishwa freski, picha za kuchorwa ukutani, na ukitaka kujua ni nini, ni chokaa, kaka. Chokaa iliyozimwa ikakaa majini miezi, ikachanganywa na mchanga. Unapaka ukutani kiasi kile tu unachoweza kukichora siku hiyo, wao wanakiita giornata, yaani kazi ya siku. Rangi ya unga unaikoroga na maji matupu, hakuna gundi, hakuna mafuta. Ukuta wenyewe unaivuta ukiwa mbichi, na chokaa ikikutana na hewa inarudi kuwa jiwe, rangi iko ndani. Ukikosea hufuti. Unachukua patasi, unabandua sehemu yote, kesho unaanza upya. Siku ya kwanza nilibandua mara mbili, mikono imechubuka, nikasema kaka angekuwepo angeipata kwa saa moja. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, peke yangu mbele ya ukuta.

Wiki ya tatu tukapelekwa makumbusho ya Uffizi. Kuna picha ya Yesu akibatizwa, ya fundi mmoja anaitwa Verrocchio, ya miaka ya 1470. Kushoto wamepiga magoti malaika wawili. Yule wa pembeni kabisa, mwenye shingo iliyogeuka, hakuchorwa na Verrocchio. Alimchora kijana wa karakana yake, Leonardo da Vinci. Watu wanasimama pale kumtazama malaika, hawamtazami Yesu. Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wale, alisema Verrocchio alipoona kijana kamzidi hakugusa tena rangi. Wengi wanaona ni hadithi tu ya kunogesha. Mwalimu akatuuliza, picha hii ni ya nani? Wenzangu wakaanza kubishana. Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi, maana nilikuwa nimemwona kunguru.

Nilipanga nikusimulie hayo siku ile ile natua. Nilikuwa nayo mdomoni, kaka. Ukanionyesha bluu.

Na kwa kuwa mimi mdogo wako nimepata kuona, nikushauri: weka jina kwenye kila kazi, piga picha kabla hujauza, usiwaachie madalali wachukue bodi kumi kwa bei ya mbili. Andika nani kachora nini, hata kwa penseli nyuma ya bodi. Ungekuwa umeandika kwa penseli nyuma ya ile ya Feri, mimi nisingeweza kufanya nilichofanya. Naona hata hapa nakutupia wewe. Lakini ni kweli, ungeandika.

Kitu kimoja bado. Kule kule Florence, kwenye kanisa la Santa Maria del Carmine, kuna Adamu na Hawa waliochorwa ukutani na fundi Masaccio, wanafukuzwa bustanini, Hawa analia kinywa wazi. Karne ya 17 waliona aibu wakawachoria majani ya kuwasitiri. Miaka ya 1980 wataalamu wakayaondoa majani, na miili ikawa bado ipo chini. Ulipomfuta kunguru, hilo likanipa tumaini. Nimemuuliza fundi rangi wa Kariakoo, akaniambia rangi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta, thina haichagui, italamba vyote.

Basi nimeiacha. Ipo chumbani kwangu, mkabala na dirisha. Kama saa moja asubuhi jua linaingia kwa ubavu, na mgongo wa kunguru unanyanyuka chini ya bluu, halafu mdomo. Nikipitisha kidole nampata mpaka kucha zake. Na hiyo bluu uliyomfunikia ni ya kwako, kaka, wewe ndiye uliyechora lile anga lote tangu mwanzo. Sasa ni yangu yote kivipi?

Jumapili nitakuja kibandani na pakiti zako, na brashi namba mbili ambayo sikukurudishia. Bodi nitakuja nayo. Kando ya jina langu pale chini kuna nafasi ya vidole vitatu, nimepima.