Dimbwi letu halimo kwenye karatasi yoyote

Mhariri,

Mwaka jana tuliitwa barazani kujadili machimbo ya mawe yaliyopangwa kufunguliwa jirani na kijiji chetu, huku bara ya Kilifi. Mtaalamu alitusomea ripoti yake. Alitaja ndege wachache tu, akasema ni wa kawaida. Alikuwa amezunguka siku mbili, tena kiangazi, wakati dimbwi letu limekauka hata udongo umepasuka. Mzee mmoja akasimama, akaeleza kwamba masika dimbwi hilo hujaa ndege hadi watu hamsikilizani kwa kelele zao. Akaulizwa, "Mzee, hayo yameandikwa wapi?" Akaketi. Sote tulijua asemacho ni kweli, na hakuna aliyekuwa na karatasi mkononi.

Swali lile limenikaa moyoni. Tunaye ndege mmoja, mnana wa Clarke, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1913. Duniani kote anaishi Kilifi peke yake, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na mapori ya Dakatcha. Kwa miaka 100 wataalamu hawakujua anataga wapi. Viota vyake vilikuja kupatikana Machi 2013 huko Dakatcha, vimesukwa kwenye majani ya kinamasi kinachojaa maji msimu wa mvua tu. Naamini wapo wachungaji wa mbuzi waliopita kando ya viota kama vile tangu utotoni. Hakuna aliyewauliza, nao hawakuwa na pa kuandika.

Leo pa kuandika papo. Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya umeigawa nchi katika vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9. Unachukua kipande chako, unatembea angalau saa mbili, unaandika kila aina unayoiona au kuisikia, na orodha hiyo unaweza kuiongezea hadi siku 5. Programu ya simu inayotumika, BirdLasser, inashika mahali ulipo hata pasipo mtandao; ukifika penye mtandao ndipo unatuma. Kwa vipepeo, vyura, nyoka na mimea ipo iNaturalist, tovuti yenye programu ya simu pia: unaweka picha, na watu wengine wanakusaidia kupata jina sahihi. Mimi niliwahi kukosea aina ya hondohondo, nikasahihishwa kabla jua halijatua.

Nawasihi wenzangu, tusiandike wale adimu tu. Mwandike na kunguru, mwandike na njiwa. Orodha ya kijiji ikiwa na kunguru miaka yote, na hondohondo akakoma kutajwa baada ya miembe mikubwa kukatwa, mtu atakayeisoma ataona kilichotokea.

Nikiifungua ramani, Watamu na Mida, wanakofika wageni wenye darubini, kumejaa orodha. Huku kwetu ni haba. Anayetazama kwa haraka atadhani hakuna kitu, na kwa dhana hiyo mawe yatachimbwa.

Wapo wanaohofia kwamba tutawaonyesha majangili njia. Hofu hiyo naiheshimu. Kwa viumbe walio hatarini kutoweka, iNaturalist huficha mahali penyewe ndani ya eneo pana la kilomita 20 na zaidi. Hata hivyo kiota cha bundi au tai usikitangaze popote, wala usimwonyeshe mtu picha yake.

Ombi langu kwa walimu wa vilabu vya mazingira ni hili: simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima. Watoto waende na babu na bibi zao, waulize majina. iNaturalist inapokea majina ya lugha yoyote, na bado wako ndege wengi wa kwetu ambao jina lao la Kiswahili, achilia mbali la Kigiriama, halijaandikwa humo.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inaturuhusu wananchi kutoa maoni kabla mradi kama ule wa machimbo haujapewa leseni. Baraza litaitwa tena. Mvua zimeanza, dimbwi lina maji ya magoti, na tangu Jumamosi iliyopita orodha yetu ina aina 41. Mzee yule ndiye aliyetutajia 9 kati ya hizo kwa mlio tu, kabla hatujawaona.

Msomaji wako,
Kilifi