Barua kwa wanaosema "Jana si ulikuwa mzima?"

Wanangu wa ukoo,

Nimekaa kimya tangu turudi msibani, nikidhani hasira itanipungua. Haijapungua.

Mliona wenyewe. Ijumaa kijana wetu mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, alipanga viti, akachota maji, akakesha nasi nje kwenye baridi ya Uyole, mwezi wa saba ule. Jumamosi alfajiri hakuweza kuinuka. Mkasimama mlangoni: "Jana si ulikuwa mzima? Leo kaburi linachimbwa ndiyo unaumwa?" Akageukia ukutani. Hakusema tena neno mpaka usiku tulipomkimbiza hospitali, mifupa inamuuma hata shuka hataki limguse.

Sasa nisikilizeni. Chembe nyekundu za damu zenu huishi siku kama 120. Zake nyingi hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Tena mwili ukipata baridi, kiu, homa au uchovu, chembe hizo hujipinda kama mundu na kuziba mishipa. Ijumaa alikuwa mzima kweli, Jumamosi akaumwa kweli. Na kilichomlaza ni ule mkesha na zile ndoo alizobeba kwa ajili yenu!

Ana miaka 29. Akizidiwa, cherehani hulala wiki nzima, wateja wanachukua vitambaa vyao, kodi haingoji. Uchumba ulivunjika kwa maneno ya mashangazi, nami nilikuwemo, Mungu anisamehe. Mtu wa hivyo akinyamaza, akijifungia chumbani, msimwite mwenye kiburi. Aliniambia pale kitandani: "Shangazi, maumivu nimeyazoea. Kuitwa mwongo sijazoea."

Ndivyo tulivyo. Mgonjwa tunamwamini akiwa na dripu mkononi. Akitembea, basi ni mvivu. Makazini vilevile, watu wanaficha ugonjwa wasije wakaachishwa.

Mengine mnayajua: maji ya kutosha, sweta, dawa ya haidroksiyurea kama daktari alivyoandika, homa ikipanda hospitali siku hiyohiyo. Na mnaotaka kuoana, pimeni damu. Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba cha ugonjwa huu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye selimundu.

Arobaini inakaribia. Nimeshaongea na baba yenu mkubwa: kijana atakaa ndani, karibu na moto, ashike daftari la michango. Anayetaka kumwinua akabebe viti, aanze kwangu.

Shangazi yenu