YAH: Malalamiko kuhusu sarafu nne zenye vyeti visivyo sahihi

Kwa Mkuu wa Idara ya Ukaguzi wa Sarafu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sarafu nne tulizonunua kwenu zimetufikia zikiwa na vyeti vya "makosa ya kiwanda". Tumezikagua kwa lenzi ya kukuza mara 10, mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu na taa iliyowekwa pembeni. Hakuna hata moja inayolingana na cheti chake.

Tuanze na senti ya Marekani ya 1955, maana ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya bei. Mmeiita sarafu ya muhuri uliorudufiwa. Enzi hizo muhuri wa kugongea ulipata sura yake kwa kukandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja. Ukisogea kidogo kati ya mkandamizo mmoja na mwingine, herufi huingia mara mbili kwenye muhuri wenyewe, na kila sarafu inayotoka hapo hubeba urudufu uleule. Ndiyo maana senti halisi za aina hiyo, zinazokadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 24,000 zilizoingia kwenye mzunguko, zinafanana: mwaka wote, LIBERTY na IN GOD WE TRUST vimejirudia kwa upana unaoonekana bila lenzi. Upande wa nyuma kuna mikwaruzo miwili hafifu ya wima chini ya mkono wa kushoto wa T katika neno CENT.

Yenu ina kivuli kwenye tarakimu ya 5 ya mwisho tu. LIBERTY ni safi, mikwaruzo haipo. Kivuli hicho kimetokana na muhuri uliochakaa, ukingo wa tarakimu ukaliwa na metali inayosukumwa kuelekea pembeni kwa kila pigo. Wakusanyaji wanaifahamu sana senti hii, wanaiita "rudufu ya maskini", na thamani yake ni ndogo mno. Anayetoa vyeti hana udhuru wa kutoijua.

Peni ya Uingereza ya 1936 nayo mmeiita sarafu ya muhuri uliorudufiwa. Imulikeni kutoka pembeni. Kando ya herufi mtaona kidaraja bapa kinachong'aa, na herufi zenyewe zimekuwa nyembamba kuliko kawaida. Muhuri uliolegea uliteleza mara baada ya pigo ukakwangua herufi zilizokwisha kuinuka. Urudufu wa kweli huongeza unene: sura zote mbili huwa na mgongo wa mviringo, na ncha za herufi hugawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Mtelezo wa mashine hauongezi thamani yoyote.

Faranga 10 ya fedha ya Ufaransa ya 1930 inadaiwa kuwa na "upande wa nyuma uliopinduliwa nyuzi 180". Hilo si kosa. Sarafu za faranga ziligongwa hivyo kwa kawaida: uigeuze kwa kuizungusha juu kwenda chini ndipo upande wa pili usimame wima. Kosa lingekuwa kinyume chake.

Mwisho ni peni ya 1919 "iliyokatika kiwandani". Mkato halisi hutokea pale kikatio kinapoangukia sehemu ya bamba iliyokwisha kutobolewa. Kisahani kinachotoka hapo, ambacho bado hakijagongwa, kikipita kwenye mashine ya kuinua ukingo, sehemu ya upande wa pili inayokabili pengo hukosa mgandamizo, kwa hiyo ukingo wake hutoka dhaifu au haupo kabisa. Hapa ukingo wa upande huo ni kamili, herufi zilizo kando ya pengo zimekatwa ghafla bila kuvutika, na kuna alama za tupa. Msijitetee kwa uzito. Ni kweli iko chini ya gramu 9.45 za kawaida, lakini sarafu iliyokatwa kwa tupa hupungua uzito vilevile.

Tunadai turudishiwe fedha zote pamoja na gharama za posta ndani ya siku 14, vyeti vyote vinne vifutwe, na sarafu nyingine mlizoziuza kwa maelezo kama hayo zikaguliwe upya. Tunahitaji pia majibu ya maandishi yanayotaja, kwa kila sarafu, ni alama gani mliyoitegemea, pamoja na picha yake iliyokuzwa.

Wenu,
Wanunuzi wa sarafu zilizotajwa