Wito wa Harambee: Tuwawezeshe Wanafunzi Wetu Kulala Mlimani na Jangwani

Kwa wazazi, walezi, wanafunzi wetu wa zamani na marafiki wote wa shule,

Kamati ya shule, ikishirikiana na walimu walezi wa chama cha mazingira, inawaandikia kuwaomba mchango wenu ili wanafunzi wetu waende kusoma viumbe wa mlimani na wa jangwani pale pale wanapoishi, na wakae huko siku za kutosha kuwaona wakila, wakijificha, wakilea na wakijikinga na baridi au joto. Ombi hili ni kubwa kuliko maombi ya ziara za masomo mliyozoea kuyapokea kutoka kwetu, na sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya fedha itagharimia kulala huko. Ziara ya kwenda na kurudi siku moja ingekuwa nafuu sana. Tumeijadili kwa kirefu katika vikao vyetu, na tumeona ni haki mjue kwa nini hatukuichagua.

Mtu anayefika jangwani saa sita mchana na kuondoka kabla ya jua kutua huona mchanga, mawe na vichaka vichache, kisha hurudi nyumbani akiamini kwamba jangwa halina uhai. Wakati huo huo, chini ya miguu yake, panya, mijusi, nge na wadudu wa kila aina wamejificha mashimoni, ambako hewa ni baridi zaidi na ina unyevu kuliko ile inayochoma juu ya ardhi. Wanasubiri giza. Nge, kwa mfano, ana kemikali katika ganda lake la nje zinazomfanya ang'ae rangi ya kijani na samawati anapomulikwa kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, yaani mwanga ambao macho ya binadamu hayauoni, isipokuwa yule aliyejivua ganda karibuni, ambaye hang'ai mpaka ganda jipya likomae. Mwanafunzi aliyetembea usiku na tochi hiyo, akiwa na mwalimu na mwongozaji, atafahamu idadi ya wakazi wa mahali alipodhani ni patupu, na hatahitaji kukaririshwa maana ya wanyama wa usiku. Kukipambazuka, kabla upepo haujaanza kuvuma, mchanga huwa umejaa nyayo za waliopita usiku kucha, na kuzisoma nyayo hizo ni somo ambalo saa tatu asubuhi huwa limekwisha kufutika.

Katika jangwa la Namib, kusini-magharibi mwa Afrika, yuko mbawakawa ambaye siku za ukungu hupanda hadi kileleni mwa tuta la mchanga kabla ya mapambazuko, akasimama kichwa chini na kiwiliwili juu, akauacha ukungu ugande mgongoni mwake mpaka matone yateremke yenyewe kinywani. Hayo ndiyo maji yake. Anayetaka kumwona sharti awe amelala jirani, kwa maana jua likishachomoza na ukungu ukatawanyika, hakuna tena cha kuona.

Habari ya firigogo, ndege wa nchi kavu, inatugusa zaidi, kwa sababu inaonyesha jinsi elimu inavyoweza kucheleweshwa na kukosa subira. Mwaka 1896 Mwingereza aliyeitwa Meade-Waldo, ambaye alikuwa akifuga ndege hawa, alieleza kwamba dume hulowesha manyoya ya tumboni kwa maji na kuwapelekea makinda, nao huyanyonya kutoka katika manyoya hayo. Wengi walilitilia shaka jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1967 Tom Cade na Gordon Maclean walichapisha utafiti kuhusu firigogo wa Kalahari uliothibitisha kwamba maelezo yale yalikuwa ya kweli, na kwamba manyoya ya tumbo la dume yameumbwa kwa namna ya pekee inayoyawezesha kushika maji. Ubishi wa miaka sabini na zaidi ulimalizwa na watu waliokubali kukaa na kuwatazama ndege kwa makini. Tunatamani wanafunzi wetu waijue subira ya aina hiyo kabla hawajatoka mikononi mwetu.

Mlimani nako hali ni hiyo hiyo, ingawa kwa sababu nyingine. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 za Selsiasi, hivyo safari ya siku chache kuelekea kileleni humpitisha mtu katika hali za hewa ambazo angelazimika kusafiri nchi nyingi kuzipata akiwa katika tambarare. Mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alilielewa jambo hili vizuri. Baada ya kupanda Chimborazo, katika milima ya Andes huko Amerika Kusini, mwaka 1802, alichora mlima ule akiandika majina ya mimea kwa kufuata kimo inachoota, na mchoro wake bado unawafundisha wanafunzi kwamba mimea hupangwa na hali ya hewa. Wanafunzi wetu wanaweza kuchora mchoro wao wenyewe, kwa vipimajoto na ramani, hatua kwa hatua, na kila mmoja akatambua kwa pumzi yake mahali msitu unapokoma.

Lakini mengi ya mlimani hutokea jioni na alfajiri. Katika vilele virefu vya Afrika Mashariki, ambako jua huwa kali mchana na barafu huganda usiku, mimea mikubwa ya lobelia hukunja majani yake giza linapoingia ili kulikinga chipukizi lililo katikati. Iko inayohifadhi maji katika kikombe cha majani yake, na maji hayo yakiganda kwa juu hulikinga chipukizi lisigande. Majirani zake, mimea mirefu iitwayo senesio wakubwa, huyaacha majani makavu yabaki yamelizunguka shina kama blanketi. Pimbi, ambaye hawezi kulidhibiti vyema joto la mwili wake, hutoka asubuhi na kujianika juani juu ya miamba kabla ya kwenda kula. Mwanafunzi aliyesoma kwamba pimbi ni ndugu wa karibu wa tembo na nguva ataikumbuka habari hiyo kwa namna nyingine kabisa akimtazama mnyama mwenyewe kutoka umbali wa hatua chache. Na atashangaa akiambiwa kwamba marundo ya mkojo na kinyesi cha pimbi yaliyogandamana katika mapango huwasaidia wanasayansi kujua hali ya hewa ilivyokuwa maelfu ya miaka iliyopita, kwa sababu yamehifadhi chavua na mabaki ya mimea ya zama hizo.

Zaidi ya masomo, usalama wenyewe unadai siku nyingi. Mwili unahitaji muda wa kuzoea hewa yenye oksijeni kidogo, na kanuni inayofuatwa na wapanda milima ni kwamba, ukishapita mita 3,000, kimo unacholala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 hivi kila usiku, na iwepo siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Shule inayowapandisha watoto haraka ili kuokoa fedha inahatarisha maisha yao. Sisi hatutafanya hivyo, na endapo harambee haitafikia lengo, tutapunguza kimo cha safari lakini siku za kuzoea hatutazigusa.

Kuna jambo jingine ambalo tunaliona kuwa kiini cha mpango huu wote, nalo ni madaftari. Kila mwanafunzi atapewa daftari la nyanjani la kuandika tarehe, saa, mahali, kimo, hali ya hewa, na kila kiumbe alichokiona, pamoja na kile alichokitarajia lakini hakukiona. Madaftari hayo yatabaki katika maktaba ya shule, na kundi la mwaka unaofuata litarudi katika vituo vile vile na kuandika kwa utaratibu ule ule. Utaratibu huu tumejifunza kutoka kwa mwanazuolojia wa California, Joseph Grinnell, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwataka wenzake waandike kila kitu kwa uangalifu mkubwa, akisema kwamba thamani kamili ya kumbukumbu zao huenda isionekane mpaka ipite miaka mingi, pengine karne nzima.

Ilikuwa kama alivyosema. Kati ya 1914 na 1920 Grinnell na wenzake waliwaandika wanyama wa milima ya Yosemite, huko California, na karibu karne moja baadaye watafiti walirudi pale pale wakiwa na madaftari yale. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba nusu ya aina za mamalia wadogo waliochunguzwa walikuwa wamehamisha makazi yao kuelekea juu, kwa wastani wa mita 500 hivi, na sababu kubwa iliyotajwa ni kuongezeka kwa joto. Watafiti walirudi pia katika jangwa la Mojave, ambalo Grinnell na wenzake walikuwa wamelipima kwa namna ile ile, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba vituo walivyovitembelea vimepoteza kwa wastani asilimia 43 ya aina za ndege zilizokuwapo zamani. Mamalia wadogo wa jangwa hilo hilo, kwa upande wao, hawakupungua kwa kiasi hicho. Utafiti wa mwaka 2021 ulieleza sababu: panya anayeshinda shimoni hahitaji maji mengi ya kuupoza mwili, ilhali ndege anayekaa wazi juani huyahitaji, na joto linapozidi mahitaji hayo huzidi pia. Bila daftari la zamani hakuna ambaye angeweza kujua kwamba ndege wamepotea, kwa sababu anayefika leo huliona jangwa kama lilivyo leo na kudhani ndivyo lilivyokuwa siku zote.

Hatudai kwamba watoto wetu watafanya kazi ya wanasayansi hao. Tunasema tu kwamba kazi ya namna hiyo huanza na kalamu, macho yaliyozoezwa, na desturi ya kurudi mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, na mambo hayo yote yako ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya ndio walioanzisha vilabu vya wanyamapori vya nchi yao, navyo vikaenea katika shule nyingi. Umri mdogo haukuwazuia.

Fedha zitakazopatikana zitatumika kwanza kwa usafiri, mahema, mifuko ya kulalia na mavazi ya baridi, ambavyo vitakuwa mali ya shule na kutumiwa na makundi yatakayofuata. Darubini, dira, vipimajoto na tochi tumevikadiria kwa kiasi, kwa kuwa wanafunzi wanaweza kuvitumia kwa zamu. Ambacho hatutakipunguza ni malipo ya waongozaji wanaotoka katika jamii zinazoishi kandokando ya mlima na jangwa. Choroa wa Uarabuni, swala wa jangwani, walipokwisha porini mwaka 1972 na kisha kurudishwa katika jangwa la Oman mwaka 1982 kutokana na wanyama waliokuwa wamezalishwa kwenye hifadhi, kazi ya kuwalinda na kuwafuatilia walipewa Waharasis, wafugaji wa jangwa hilo, kwa sababu walikuwa wakijua kusoma nyayo na kuielewa ardhi yao. Ujuzi kama huo hauko katika vitabu vyetu vya kiada, na mwenye nao anastahili malipo ya mwalimu.

Waongozaji hao pia ni sehemu ya ulinzi wa watoto. Kambi ya jangwani haitapigwa kamwe katika mkondo wa mto mkavu, hata mbingu zikiwa nyeupe, kwa sababu mvua iliyonyesha mbali sana inaweza kuleta mafuriko ya ghafla mahali ambapo haikudondoka tone. Maji ya kunywa yatabebwa kwa akiba, na matembezi ya saa za joto kali hayataruhusiwa. Makundi yatakuwa madogo. Hilo linaongeza gharama, lakini kundi kubwa huwafukuza wanyama, na katika majangwa mengi miguu mingi huharibu utando mwembamba wa vijidudu, kuvu na kuvumwani unaoshikamanisha udongo, utando ambao ukishakanyagwa huweza kuchukua miongo ya miaka kurudi. Wanafunzi watafundishwa kupita juu ya miamba au katika njia zilizokwisha kutumika, na watarudi na taka zao zote.

Tunawaomba kwa namna ya pekee wenye uwezo wafikirie kumlipia mwanafunzi mmoja zaidi ya mtoto wao. Wamo miongoni mwa wanafunzi wetu wenye udadisi mkubwa ambao wazazi wao hawataweza kutoa chochote, na kamati imeazimia kwamba nafasi zitatolewa kwa kuangalia bidii katika chama cha mazingira na wala si uwezo wa mzazi. Majina ya watakaosaidiwa hayatatangazwa, hata kwa wafadhili wao.

Asiye na fedha anaweza kuchangia kwa njia nyingine. Tunahitaji daktari au muuguzi atakayekubali kuandamana nasi, fundi wa kushona mifuko ya vifaa, dereva mwenye uzoefu wa barabara za milimani na za mchanga, na wazee wanaoyajua majina ya ndege na mimea ambayo sisi walimu hatuyajui. Mahema na darubini zilizotumika zitapokelewa kwa shukrani, mradi ziwe katika hali nzuri.

Michango yote ipelekwe katika ofisi ya mhasibu wa shule, ambako kila mchangiaji atapewa stakabadhi, uwe mchango wake mkubwa au mdogo. Hesabu kamili ya mapato na matumizi itabandikwa katika ubao wa matangazo kabla ya safari na baada ya safari, na mzazi yeyote atakayetaka kuikagua atapewa nafasi hiyo. Wazazi ambao watoto wao wamekwisha kuomba kushiriki wanakumbushwa kuirudisha fomu ya idhini kwa mwalimu wa darasa ikiwa na taarifa za afya zilizojazwa kikamilifu, hasa kuhusu pumu, maradhi ya moyo na mzio wa kuumwa na wadudu, kwa kuwa daktari atahitaji kuzisoma kabla hatujaamua ni nani atakayepanda hadi kimo gani.