Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Nyumba za Nafuu Katika Mtaa Wetu wa Harlem, New York

Ndugu wanachama, wakubwa zetu shikamooni, na vijana hamjambo.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na darasa la Kiswahili la watoto limo katika taarifa ya katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililotushughulisha mwaka mzima: jengo la nyumba za nafuu linalokusudiwa kujengwa kwenye kile kiwanja kitupu, katikati ya nyumba za mawe ya kahawia.

Kwa waliohamia karibuni, nyumba hizi zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, treni ya reli iliyoinuliwa juu ya barabara ilipoifikia Harlem, na walengwa walikuwa Wazungu wenye uwezo. Wajenzi wakajenga kupita mahitaji. Soko la nyumba lilipoanguka mwaka 1904 na 1905, Philip Payton, mfanyabiashara Mweusi wa majumba, na kampuni yake ya Afro-American Realty walipata mwanya wa kuwapangishia familia za Weusi waliokuwa wakifukuzwa kwingine. Basi historia tunayotakiwa kuilinda ni ya watu waliokuwa wakitafuta pa kulaza watoto wao. Ndiyo maana nilisimama mbele ya bodi ya mtaa nikasema, kwa niaba yenu, kwamba tunaliunga mkono jengo hili.

Hata hivyo, mchoro wa kwanza hatukuupenda. Ulikuwa na ukuta mtupu upande wa barabara, na vyumba vingi vya mtu mmoja. Kamati yetu ya makazi ikaomba kukaa na msanifu, naye, nampa haki yake, alisikiliza.

Tulizungumza zaidi kuhusu ngazi. Zile ngazi ndefu za mbele ndizo baraza letu huku ugenini: hapo ndipo tunaposalimiana, tunapowaangalia watoto, tunapopeana habari za msiba na harusi. Lakini sheria inataka jengo jipya liingilike kwa kiti cha magurudumu, kwa hiyo mlango utakuwa usawa wa njia. Wazee wetu wenye magoti mabovu walilipokea hilo kwa furaha. Tulichoomba ni mahali pa kukaa, na mchoro mpya una benchi refu la zege mbele ya jengo na vidato vipana pembeni mwa mlango. Imeongezwa pia idadi ya nyumba za vyumba vitatu vya kulala. Hilo nalihesabu kuwa ushindi mkubwa kuliko yote, maana familia zetu haziishi kwenye chumba kimoja.

Baadhi ya majirani walitaka jiwe la kahawia liigwe. Sikukubaliana nao. Jiwe lile, ambalo kwa sehemu kubwa lilichimbwa Portland, Connecticut, ni laini. Limevalishwa tu juu ya ukuta wa matofali, na maji yakiingia na kuganda, hubanduka vipande. Kodi za nyumba wanazolipa wanyonge zisibebe gharama ya kuiga kitu kinachobomoka. Tofali la rangi inayokaribiana, kimo kinachofuata paa za jirani, na ghorofa za juu zilizorudishwa nyuma vinatosha.

Kamati ilikwenda pia kuangalia jengo la Sugar Hill, kwenye barabara ya 155, lililokamilika mwaka 2014. Lilichorwa na David Adjaye, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye wazazi kutoka Ghana. Lina ghorofa 13 na nyumba 124, baadhi zikitengwa kwa watu waliokuwa hawana makazi, na chini yake kuna shule ya awali na makumbusho ya watoto. Kuta zake nyeusi za zege zimechorwa mawaridi. Wapo wanaolalamikia weusi huo na udogo wa madirisha, na kuhusu madirisha nakubaliana nao. Lakini anayeingia pale anaona kwamba mtu alifikiri kwa makini juu ya mpangaji wa kipato cha chini.

Linalonikosesha usingizi ni neno "nafuu". Viwango vya kodi ya nyumba hupangwa kwa kipato cha kati cha eneo zima la New York, nacho kiko juu ya kipato cha familia nyingi za Harlem. Nyumba inaweza kuitwa nafuu na dereva wetu wa teksi asiimudu. Tumeomba kwa maandishi sehemu kubwa zaidi itengwe kwa viwango vya chini kabisa. Jibu halijafika, na tume ya majengo ya kihistoria nayo haijatoa uamuzi.

Naomba mkutano uridhie mambo mawili. Kwanza, kamati iendelee kufuatilia ombi hilo mwaka ujao kwa jina la chama. Pili, tutenge fungu dogo la kuwasaidia wanachama kujaza maombi ya bahati nasibu ya nyumba ya jiji, ambayo huchagua wapangaji wa nyumba za nafuu kwa kura, kwa kuwa wengi huenguliwa kwa kukosa karatasi za mishahara na kodi ya mapato. Anayetaka kuanza leo, aonane na wanakamati mezani, karibu na mlango.